Kumchagua Mpulizaji wa Dawa za Wadudu Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Kasulu na Kibondo

Mwenye nyumba anayemwita mpulizaji wa dawa hununua huduma asiyoweza kuipima kwa macho. Seremala akikosea mlango, mlango hugoma kufunga siku ileile. Mwashi akikosea ukuta, ufa huonekana. Mpulizaji wa dawa humwachia mteja ukuta uliolowa na harufu kali, na hivyo viwili hupatikana hata kwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Ikiwa dawa ilikuwa hafifu, mteja atajua baada ya wiki mbili, kunguni wanaporudi. Ikiwa ilikuwa kali kupita kiasi, au haikukusudiwa kabisa kutumika ndani ya nyumba, atajua usiku uleule, na huenda akawa amechelewa.

Kwa sababu hiyo, maamuzi yanayomlinda mteja hufanyika kabla bomba halijafunguliwa. Makala hii inaeleza mambo manne ya kuhakikisha mapema: ni mdudu gani anayekusumbua, ni nani atakayefanya kazi, ni dawa gani itakayotumika, na mmekubaliana nini. Mwishoni inaeleza taratibu za siku ya kazi na hatua za kuchukua madhara yakitokea.

Mtambue mdudu kwanza

Nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo zimejengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, na kuezekwa kwa bati juu ya kenchi za mbao. Mahindi na maharage huhifadhiwa ndani, mara nyingi chumba kimoja na wanapolala watu. Udongo kati ya tofali humpa mchwa njia ya kupanda mpaka kwenye kenchi, nyufa za ukuta humpa kunguni maficho, na magunia humwita panya. Kila mmoja wa viumbe hawa huhitaji kazi ya namna yake. Mtu anayetaja bei kwa simu bila kuuliza ni mdudu gani, yuko wapi na nyumba imejengwaje, ameuza dawa kabla ya kujua ugonjwa.

*Kunguni.* Hujificha katika nyufa, viungo vya kitanda na mishono ya godoro. Mayai yao hustahimili dawa nyingi za kupulizia, na huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Palipo na baridi, kama usiku wa nyanda hizi, huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kazi ya kunguni haikamiliki kwa ziara moja. Ziara ya pili huhitajika baada ya wiki mbili hivi, ili kuwaua walioanguliwa kabla hawajaanza kutaga. Aidha, katika nchi nyingi kunguni wamekuwa sugu kwa dawa za kundi la pairethroidi, ambalo ndilo linalotumika zaidi majumbani. Mpulizaji anayeahidi kuwamaliza kwa siku moja ama hajui kazi yake, ama anajua na anakudanganya.

Katika nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi, kupulizia chumba kimoja pekee huwafukuza kunguni kwenda chumba cha jirani, nao hurejea baadaye. Mwenye nyumba na wapangaji wakubaliane kufanya kazi siku moja kwa vyumba vyote. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto sana, na kitanda kifunguliwe viungo vyake. Mtaalamu mwaminifu atakueleza mambo haya hata kabla hujamuuliza, kwa sababu anajua dawa peke yake haitoshi.

*Mchwa.* Wanaoonekana ukutani ni vibarua tu. Kiota na malkia viko ardhini, pengine mita kadhaa kutoka kwenye nyumba. Anayepaka dawa juu ya njia za udongo ukutani huua vibarua wa siku hiyo, na wengine hufungua njia mpya. Kazi ya kweli ni kuchimba mtaro kuzunguka msingi na kuumwagia dawa, ili nyumba izungukwe na udongo ambao mchwa hawezi kuuvuka. Kwa anayejenga, wakati mzuri na wa gharama nafuu ni kabla sakafu haijamwagwa.

*Panya.* Dawa nyingi za panya zilizosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani huzuia damu kuganda, na panya hufa siku kadhaa baada ya kula chambo. Punje zisizo na lebo zinazouzwa mnadani kwa sifa ya kumwangusha panya papo hapo huenda ni sumu ya shambani iliyofungwa upya, na kiasi kidogo chake kinaweza kumuua mtoto. Mtaalamu huweka chambo ndani ya kisanduku kilichofungwa, huorodhesha mahali alipokiweka, na hurudi kukusanya mabaki na mizoga ili kuku, paka na mbwa wasiile. Pia hukuonyesha matundu ya kuziba. Asiyetaja matundu anakuandalia kazi ya mwezi ujao.

*Mbu.* Upulizaji wa dawa-ukoko uliowahi kufanywa majumbani katika halmashauri za mkoa wa Kigoma, zikiwamo Kasulu na Kibondo, ni kazi ya afya ya umma dhidi ya malaria. Hutangazwa kupitia viongozi wa kijiji au mtaa, na mwananchi halipi chochote. Mtu anayefika mlangoni akisema ametumwa na Serikali kupulizia dawa-ukoko na kudai ada, usimfungulie. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji au mtaa wako.

*Nyuki.* Kundi la nyuki lililoingia darini si kazi ya mpulizaji wa dawa. Wilaya hizi zinaishi kwa asali pia, na nyuki waliopuliziwa sumu huacha masega yenye sumu, ambayo nyuki wa mizinga ya jirani huja kuyachukua. Mwite mfugaji nyuki mwenye uzoefu au afisa nyuki wa halmashauri awahamishe.

Mjue mtu utakayemfungulia mlango

Usimamizi wa viuatilifu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi TPHPA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Makao makuu yake yako Arusha. Mamlaka hiyo husajili viuatilifu vinavyoruhusiwa nchini, na hutoa vibali kwa wanaoviuza na wanaovitumia kibiashara, wakiwamo wapulizaji na wafukizaji. Neno kiuatilifu linajumuisha dawa ya kuua mende jikoni sawasawa na dawa ya kuua viwavi shambani.

Kabla ya kuzungumza bei, mwombe mpulizaji kibali chake. Hakuna utovu wa adabu katika kusema: "Ndugu yangu, naomba nione kibali chako na dawa yenyewe kabla hatujafika kwenye bei." Anayefanya kazi kwa halali amezoea ombi hilo. Ukishakipata, angalia mambo yafuatayo.

Jina lililo kwenye kibali lilingane na jina la mtu au kampuni itakayofanya kazi. Ikiwa kibali ni cha kampuni na aliyekuja ni kijana peke yake, piga simu kwenye kampuni uhakikishe kwamba imemtuma.

Kibali kiwe hai. Soma tarehe ya mwisho. Wapo wanaoendelea kuonyesha vyeti vya iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu, yaani TPRI, ambayo majukumu yake yalihamia TPHPA. Cheti cha namna hiyo kinaweza kuwa ushahidi kwamba mtu alisomea kazi zamani, lakini si kibali cha kufanya kazi leo.

Kibali kiwe cha kazi husika. Kibali cha kuuza viuatilifu dukani si kibali cha kupulizia nyumba za watu, na leseni ya biashara ya halmashauri, ingawa inatakiwa, haithibitishi utaalamu wa dawa. Andika namba ya kibali, kisha iulizie TPHPA, au mwombe afisa kilimo au afisa afya wa kata yako akusaidie kuiulizia.

Tunafahamu ugumu uliopo. Wapulizaji wenye vibali ni wachache mbali na miji mikubwa, na kumwita mmoja kutoka Kigoma Mjini, Tabora au Mwanza kwa ajili ya nyumba moja huko Mabamba au Makere ni gharama kubwa. Ndiyo maana watu wengi huwaita vijana wanaopulizia mahindi, tumbaku au kahawa. Vijana hao wana ujuzi wa kushika bomba, lakini shambani hakuna godoro, chungu cha maji wala mtoto anayetambaa. Zaidi ya hayo, bomba lililotumika jana kwa dawa ya magugu au dawa kali ya shambani hubaki na masalia, nayo leo yatapuliziwa kwenye kitanda chako.

Njia yenye nafuu ni kuungana. Majirani watano au sita, au wenye nyumba za wageni karibu na kituo cha mabasi, wakipanga kazi siku moja, nauli ya mtaalamu hugawanywa na ziara ya pili hupatikana kwa urahisi. Viongozi wa mtaa na wa kijiji wanaweza kuratibu jambo hili kama wanavyoratibu mengine.

Ijue dawa itakayoingia nyumbani mwako

Kanuni ni moja, nayo haina msamaha: dawa ifike ikiwa katika kifungashio chake cha asili, imefungwa, na ifunguliwe mbele yako. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa au dumu la mafuta haina jina, haina umri, na mtu akiinywa kwa bahati mbaya, daktari hatajua atibu nini.

Soma lebo, au mwombe mwanao anayesoma akusomee. Lebo halali huonyesha jina la dawa, kiambato amilifu na kiasi chake, namba ya usajili, wadudu na mahali inapokusudiwa kutumika, kipimo cha kuchanganya, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, na maelezo ya huduma ya kwanza. Kama lebo inataja pamba, mahindi au kahawa tu, dawa hiyo si ya chumbani, hata kama mpulizaji anaapa kwamba huko alikotoka wanaitumia. Ukikuta kifungashio kilichovuka mpaka kikiwa na lugha usiyoielewa na hakina namba ya usajili wa Tanzania, kikatae.

Tazama pia ukanda wa rangi chini ya lebo. Kwa utaratibu unaotumika kimataifa, nyekundu huashiria sumu kali sana, njano sumu kali, buluu sumu ya wastani, na kijani ile yenye hatari ndogo zaidi inapotumiwa ipasavyo. Dawa yenye ukanda mwekundu haina nafasi katika nyumba wanamolala watu. Ukanda wa kijani nao hauna maana kwamba dawa inaweza kuguswa ovyo.

Baada ya lebo, fanya hesabu. Haihitaji utaalamu, na humtenganisha haraka fundi wa kweli na mwuza harufu. Chukua mfano wa chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za urefu wa mita 2.5. Kuta zake nne zina mita za mraba 30. Upulizaji wa kuta kwa kawaida hutumia mililita 30 hadi 40 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, hivyo chumba hicho kitatumia kati ya mililita 900 na 1,200, yaani takriban lita moja. Anayemaliza bomba zima la lita 15 katika chumba kimoja amelowesha nyumba kupita kipimo, au amechanganya maji mengi mno.

Kwa mchwa hesabu hugeuka. Lebo nyingi za dawa za mchwa hutaka lita 5 hivi za mchanganyiko kwa kila mita moja ya mtaro wenye kina cha sentimita 30. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina mzunguko wa mita 36, hivyo huhitaji takriban lita 180. Mtu aliyekuja na bomba moja la mgongoni na kumaliza kazi kwa nusu saa hakuizungushia nyumba kinga yoyote. Amelowesha udongo wa juu. Kwa kuwa kiasi hiki cha dawa ni kikubwa, mweleze mapema kisima kilipo na bustani ya mboga ilipo. Lebo huonya dawa isimwagwe karibu na maji ya kunywa. Na mvua za kwanza zinapotoa kumbikumbi, msiwaokote kwa ajili ya kula katika eneo lililomwagiwa dawa.

Onyo kuhusu vidonge vya ghalani

Sehemu hii isomwe kwa sauti kwa kila aliye nyumbani. Vipo vidonge vya kufukizia nafaka vyenye aluminiamu fosfaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua wadudu waliomo ndani ya nafaka iliyofunikwa pasipo kupitisha hewa. Ghalani, mikononi mwa mtu aliyefunzwa, vina kazi yake. Lakini wapo wanaoviweka chini ya kitanda au kwenye nyufa za chumba ili kuua kunguni, na wapo wanaofukiza magunia ya mahindi katika chumba kilichopakana na chumba cha kulala.

Gesi hiyo huua watu. Huingia kupitia nyufa za ukuta, uwazi ulio juu ya kuta chini ya bati, na chini ya milango, hivyo aliyelala chumba cha pili hayuko salama. Katika nyanda za baridi, ambako madirisha hufungwa usiku, hujikusanya ndani. Harufu yake hufananishwa na kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini kukosekana kwa harufu si ushahidi wa usalama. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na kulinda moyo wake, na kwa baadhi ya wagonjwa hilo halitoshi. Watoto wadogo hulemewa upesi kuliko watu wazima.

Kwa hiyo, mpulizaji yeyote anayependekeza vidonge hivyo kwa nyumba inayokaliwa, mwondoe. Usimwombe apunguze idadi, wala usikubali maelezo kwamba mtalala sebuleni. Ukimwona jirani akifanya hivyo katika nyumba mnayochangia ukuta, watoe watu wako nje usiku huohuo, kisha umwite mwenyekiti wa mtaa. Lawama za ujirani hupita.

Makubaliano na malipo

Yaandikeni makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari. Karatasi hiyo itaje jina la mpulizaji na namba ya kibali chake, jina la dawa, wadudu wanaolengwa, vyumba vitakavyohudumiwa, tarehe ya ziara ya kwanza na ya pili, bei yote, na kitakachofanyika wadudu wakirudi ndani ya muda mliokubaliana. Pande zote mbili zitie saini, na kila upande ubaki na nakala.

Usilipe fedha yote mwanzoni. Kwa kazi ya kunguni, kwa mfano, mnaweza kukubaliana sehemu moja ilipwe baada ya ziara ya kwanza na nyingine baada ya ya pili. Mtu anayetoka mbali ambaye ameshalipwa yote hana sababu ya kurudi kupanda basi la Kibondo. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Risiti ni ushahidi wa kodi, na pia ni ushahidi wako kwamba huduma ilitolewa, na nani, na lini.

Jihadhari na bei ya chini mno. Dawa iliyosajiliwa, vifaa kinga na nauli ya ziara mbili vina gharama zake. Bei isiyoweza kulipia hivyo inaonyesha kwamba kimojawapo hakipo. Jihadhari pia na ahadi ya "milele". Hakuna dawa ya nyumbani inayodumu milele, na zile zilizodumu miaka mingi ardhini, kama dieldrini na klodeni zilizotumika zamani dhidi ya mchwa, zilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hiyohiyo ya kutooza.

Siku ya kazi

Ondoa vyakula, maji, vyombo vya kupikia na vya kulia, mavazi ya watoto na mifugo. Mahindi na maharage yahamishwe. Yasipoweza kuhamishwa, yafunikwe kabisa na chumba hicho kisipuliziwe. Kuku wanaolala ndani watolewe mapema. Mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu wakae kwa ndugu au jirani kwa muda mrefu kuliko wengine.

Mtazame mpulizaji anavyojivika. Glavu, barakoa yenye chujio, miwani, mavazi yanayofunika mwili na buti si mapambo. Asiyejilinda yeye mwenyewe hawezi kukulinda wewe. Apime dawa kwa kipimo, si kwa kifuniko cha chupa wala kwa kukadiria. Asile, asinywe wala asivute sigara akiwa kazini. Asichanganye dawa mbili ili "ziwe kali" kama lebo haikuruhusu.

Kabla hajaondoka, akuambie kwa saa ngapi hamtaingia ndani, na muda huo uwe ule uliotajwa kwenye lebo. Mkirudi, fungueni milango na madirisha hewa ipite kabla ya kutandika kitanda. Futeni meza na mahali watoto wanapogusa. Kuta zilizopuliziwa kwa ajili ya dawa kubaki zisioshwe.

Vifungashio vitupu avichukue mwenyewe. Dumu la dawa, hata lioshwe mara ngapi, lisitumike kuchotea maji wala kuwekea mafuta ya mawese. Likibaki kwako, liwe limesuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakiwa yamerudishwa kwenye bomba la kazi, kisha litobolewe ili lisitumike tena, na uulize ofisi ya afya ya kata mahali pa kulipeleka.

Madhara yakitokea

Dalili za sumu hutofautiana. Dawa nyingine huleta mate mengi, jasho, kutetemeka, kuona ukungu na kupumua kwa shida. Gesi ya fosfini huleta kichefuchefu, kutapika, maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kubanwa kifua. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiugua ghafla baada ya dawa kutumika, msiseme ni malaria au chakula. Tokeni nje kwanza.

Mpeleke mgonjwa kwenye hewa safi. Usiingie peke yako katika chumba kilichofungwa chenye gesi. Kifunguliwe kwanza, na wengine wajue uko wapi. Vua nguo zilizolowa dawa na osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa: imani kwamba maziwa huua sumu imewachelewesha watu wengi kufika hospitali, na maziwa au kinywaji kingine kinaweza kuzidisha madhara ya baadhi ya sumu. Mwahishe kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Kibondo, Kasulu au Kabanga, ukiwa na kifungashio cha dawa au picha ya lebo yake. Lebo hiyo humwambia daktari jina la sumu, na kwa baadhi ya sumu ipo dawa mahususi ambayo hufaa ikitolewa mapema.

Haki yako ya kulalamika

Mpulizaji asiyetimiza makubaliano, andikiwe kwanza au apigiwe simu mbele ya shahidi, na apewe siku maalumu ya kurekebisha. Asipofanya hivyo, peleka karatasi ya makubaliano, risiti na picha kwa uongozi wa mtaa au kijiji kwa usuluhishi. Suala likihusu dawa isiyosajiliwa, dawa isiyo na lebo au mtu asiye na kibali, litolewe taarifa TPHPA, kupitia afisa kilimo wa kata ikiwa huna njia nyingine. Likihusu udanganyifu wa kibiashara, kama vile kudai sifa ambazo huduma haina, Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji. Madhara ya mwili au kifo ni suala la polisi pia.

Watu wengi hunyamaza kwa kuona aibu kwamba walidanganywa au kwamba nyumba yao ina kunguni. Kunguni huingia nyumba safi na nyumba chafu. Husafiri kwa mizigo, kwa magodoro ya mitumba na kwa mabasi. Kunyamaza kwako humpeleka mpulizaji yuleyule, akiwa na bomba lilelile, kwa jirani yako.

Maswali sita ya kuuliza mlangoni

1. Kibali chako kiko wapi, ni cha kazi gani, na kinakwisha lini?
2. Dawa hii inaitwaje, na naweza kuiona ikiwa bado imefungwa?
3. Lebo inasema ni ya mdudu huyu na ya ndani ya nyumba?
4. Utatumia lita ngapi, na umezipataje?
5. Utarudi lini, na wadudu wakiendelea kuonekana utafanya nini?
6. Tutakaa nje kwa muda gani, na mtoto akiugua nipeleke nini hospitali?

Anayejibu yote sita bila kukasirika, mpe kazi. Anayekasirika kwenye swali la kwanza amekupunguzia kazi ya kuuliza mengine matano.